Vidole Ulivyokataa Vihesabiwe

Mama mpendwa,

Mutua ameanza darasa la kwanza, na mwalimu analalamika kwamba anahesabia vidole. Nilicheka, kisha nikakulilia. Mjukuu wako, Mama! Wewe uliyenikemea nikihesabu hata watoto waliokuja kula kwetu mtaani Jericho, ukisema kuhesabu watu ni kuwaita mkosi.

Unakumbuka mimba yake ilivyotutisha. Dada yake, Mwende wetu, alikuwa amezaliwa na vidole sita kila mkono na moyo mbovu, akaishi siku kumi na moja. Ukakataza jina lake litajwe nyumbani, nami nikakuchukia kidogo, niseme ukweli. Daktari akatuonya kwamba ugonjwa ule unaweza kurudi. Mimba ikikaribia miezi mitatu, angepitisha kimrija chembamba chenye kamera tumboni mwangu, avitazame vidole. Vikiwa sita, umerudi. Lakini kimrija chenyewe kingeweza kuiharibu mimba. Mwanao, mume wangu, alishindwa kuamua, akakimbilia kuchonga vinyago vyake. Wewe ulijifunga leso ukasema, "Twende. Lakini tutaingia pamoja."

Kwenye runinga ya hospitali ukatokea mkono mdogo kama punje ya mahindi. Daktari akaanza, "Moja, mbili..."

"Wee daktari!" ukamkatiza. "Mtoto si mbuzi wa soko la Kiamaiko. Sema tu, mkono ni mzuri ama si mzuri?"

Akautafuta mkono wa pili, nami nimekubana kiganja.

"Ni mizuri, mama. Yote miwili."

Ukakaa sakafuni palepale, mbele ya manesi. Sikuwahi kukuambia kwamba sikujua ningefanya nini kama vingekuwa sita. Hata leo sijui.

Kuna jingine nililokuficha. Siku ulipomwogesha Mutua mara ya kwanza, nilisimama mlangoni na taulo. Ulikuwa ukivishika vidole vyake kimoja kimoja, na badala ya nambari ukivipa majina ya watu wetu: baba yake, mimi, wewe, shangazi yake. Kile cha mwisho ulikishika muda mrefu. "Na huyu ni Mwende," ukasema. Nilirudi jikoni nikakaa, na ile chuki ikaniisha.

Mwalimu hajui kwamba majina hayo nimemfundisha Mutua. Jana aliulizwa tatu ongeza mbili ni ngapi. Akasimama mbele ya darasa zima, akainua kidole chake cha mwisho, akajibu, "Mwende."

Pumzika, Mama. Nyumbani sasa tunamtaja.

Mkazamwana wako,
Mama Mutua