Farasi wa Mama Yako

Langoni, Lamu

Kwako Hansa, jirani yangu wa ukuta mmoja,

Nakusalimu kwanza, ndipo nikugombeze. U hali gani? Sukari imeshuka? Binti yako alinipigia simu akasema macho yamekwisha kabisa, na wewe hukuniambia, kana kwamba mimi ni mtu wa kando. Huku tu wazima, Alhamdulillahi, ila goti langu. Anayeandika ni mjukuu wangu Wafaa. Mimi nasema yeye aandika, na nimemkataza kunitengeneza maneno. Binti yako atakayekusomea naye namsalimu.

Nyumba yenu imepakwa chokaa. Mpangaji ni mwalimu Jeruto, mtu wa bara, ana adabu, huniletea maziwa. Juzi aliniuliza lile shubaka dogo ukutani lilikuwa la nini. Nikamwambia ndimo alimokaa farasi wa mti wa marehemu mama yako. Nikamweleza mnavyoamini: dunia itaharibika, watu wataambiana uongo hata na wanaokula nao sahani moja, ndipo mungu wenu atazaliwa tena, jina lake Kalki, aje na upanga juu ya farasi mweupe aitengeneze. Ndiyo maana mgongo wa farasi yule haukuwekwa hata uzi, mpaka mwenyewe afike. Jeruto akasema hata katika kitabu chao yumo ajaye juu ya farasi mweupe. Nikamwambia nasi twamngoja Mahdi. Wakumbuka tulivyobishana jikoni kwenu nani atatangulia, wako au wetu, mama yako akatuchapa mwiko sote wawili?

Ulipohamia Mombasa uliniachia farasi, ukihofu atavunjika ndiani. Mwanangu Abdulhadi akasema sanamu haikai chumba ninachoswalia. Nikamwambia amana ya jirani haitupwi. Akasema hakusema niitupe, alisema niihamishe. Alikuwa na haki. Nikamfunga farasi ndani ya leso, nikamweka stoo, chini.

Sasa wamtaka, umshike siku ya Diwali. Anakuja kwa basi pamoja na barua hii. Lakini kabla hujamshika, nisikilize.

Huyo siye. Mchwa walimla, Hansa. Miaka mitatu sikumfungua, mpaka binti yako alipopiga simu. Kilichobaki ni kipande cha mgongo. Nikaenda kwa Ayman, fundi wa milango, nikamwambia anichongee mwingine, mweupe, asiye na kitu mgongoni. Akasita, yeye huchonga maua, chenye roho hajapata kukichonga. Nikamwambia dhambi ni yangu, achonge. Wala farasi hajawahi kumwona, na mimi nimewaona pichani tu. Basi akatoka nje, akamtazama punda wa jirani aliyefungwa mlangoni, akarudi akachonga. Nilimsifu sana. Nilipofika nyumbani ndipo nikayaona masikio.

Nikasema moyoni, Hansa haoni, nitanyamaza. Kisha nikafumba macho nikampapasa, nijue vidole vyako vitakuta nini. Masikio yale marefu yakanisuta. Na hata yasingenisuta, wewe ni mtu niliyekula naye sahani moja, na mama yako alisema uongo wa namna hiyo ndio utakaomleta huyo wenu. Sitaki aje kwa ajili yangu.

Kosa ni langu. Uliniamini, nami sikutazama. Nimekufungia vyote viwili katika leso ileile, kipande cha mgongo wa zamani na huyu wa Ayman. Mgongo wake ni mtupu, hilo nililisimamia mwenyewe. Ukikasirika, mrudishe yeye, salamu zangu usizirudishe. Ukimweka, na mwenyewe akafika kweli, mwambie huyu ametoka Lamu, na vichochoro vya huku farasi hapiti.

Wasalimie wajukuu, na dawa unywe. Wafaa ameniwekea wino, dole hili ni langu.

Ni mimi wako,
Barka