Titani Niliyoipasha Moto

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Kile kikohozi kimekuachia? Mama aliniambia kwenye simu kwamba bado unafua patasi bila miwani, wala sikushangaa. Mimi mwili ni mzima, ila moyo una neno.

Huku ughaibuni chuoni ni kimya mno. Nikisimama maabarani naanza kuota macho wazi: niko karakanani kwako Gerezani, basi la mwendokasi linapita, wewe unagonga springi ya gari kuukuu. Kazi yangu inafanana na yako. Nasukuma nondo fupi ya titani, metali nyepesi kuliko chuma chako, ndani ya tundu lenye kona. Inaingia, inapinda, inatoka na unene uleule, nami nairudisha tena, mara nane. Ukiitazama kwa hadubini, chembe zilizokuwa kama mchele zimekuwa unga, na hapo ndipo inapopata nguvu. Huwa nazitazama mpaka nasahau kula.

Miezi mitatu nilizisukuma nondo zote. Zikawa ngumu, nikazionea huruma zisije zikapasuka. Nikafanya ulivyonifundisha: chuma kilichopigwa sana kipashwe moto mpaka kiwe chekundu, kisha kiachwe kipoe taratibu. Sikumuuliza mtu. Nilipotazama tena, chembe zilikuwa zimekua upya, kubwa kuliko mwanzo. Kazi yote ikaharibika kwa mikono yangu.

Mwalimu wangu, mama mmoja mpole wa hapa, aliniuliza nani kanifundisha vile. Baba, niliona haya. Nimezungukwa na wasomi, nikashindwa kusema ni baba yangu, mfua patasi wa Gerezani. Nikamjibu kwamba nilisoma mahali. Nilikukana.

Siku ya tatu nilirudi kwake nikasema kweli, nikijua anaweza kunifukuza. Akasema, "Kwa patasi, baba yako hajakosea. Umekosea wewe kwa kutouliza." Hakunifukuza, ila naanza upya, kwa hiyo mwaka huu siji nyumbani.

Nisalimie mama, shangazi wa Upanga na mjomba anayekata tiketi kivukoni Magogoni. Wao waambie tu kazi imenichelewesha. Hili la kukukana nimekwambia wewe peke yako, na sijui utalipokeaje. Ijumaa nitakupigia baada ya swala. Ukipokea, hata usiposema kitu, nitajua umenisamehe.

Mwanao,
Zuhura