Sanduku la Mume Wangu Limesimama Mahali pa Mitungi Yangu

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie, na tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nimeshajikasirikia mwenyewe vya kutosha na haijanisaidia kitu.

Mimi ni mfinyanzi, mama wa watoto wawili, na mume wangu ni fundi seremala, anatengeneza vitanda, makabati na milango, na karakana yake na banda langu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo yeye anakula vumbi langu na mimi nakula lake. Mwaka huu nimechaguliwa kwenye bienale, yale maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili na kukusanya wasanii wa nchi nyingi, na hujui Shangazi nimeiomba nafasi hii mara ngapi nikakataliwa, basi safari hii nikasema na mimi nitaandika kama wanavyoandika wao, nikakaa nikayajaza maelezo ya kazi yangu maneno makubwa makubwa, kwamba kazi yangu inahoji utupu unaobaki mtu anapoondoka bila kuaga, kwamba mikono inakumbuka kile ambacho macho yamekipoteza, na mengine ya namna hiyo, ila mahali popote sikuandika neno mtungi. Wakanikubali.

Kazi yenyewe ni mitungi. Ni mirefu, myembamba, haina mdomo, juu nimeiziba kabisa, na kila mmoja una umbo lake kama watu walivyo. Udongo wake ni mwembamba kiasi kwamba ukiugonga kwa ukucha unalia, sasa nikawa sijui nitaisafirishaje, na mume wangu akasema, "Hiyo niachie mimi." Akaacha kitanda cha mteja katikati, mteja akawa anakuja kila siku kufoka pale mlangoni, yeye wala habari hana, anailaza mitungi yangu mmoja mmoja juu ya mbao na kuizungushia penseli, halafu anachonga shimo la kila mmoja kwa patasi, mpaka mtungi ukilala mle unatulia kama mtoto aliyeshiba. Akayatandika mashimo yale blanketi letu la zamani. Pembeni ya kila shimo akawaandikia wapagazi kwa ile penseli yake ya kazi: "Huyu shingo yake dhaifu, mshike kiunoni." "Huyu msimlaze kifudifudi." "Huyu atoke wa mwisho, anawaegemeza wenzake." Ndivyo anavyoiita mitungi yangu, huyu na yule, sijui tangu lini.

Sanduku likatangulia, mimi nikabaki nahangaikia viza. Huku mitungi ilipofika ikatolewa na kupelekwa chumba cha ukaguzi, kwa sababu vitu vya udongo lazima viangaliwe wadudu kwanza, na sanduku likabaki wazi ukumbini na jina langu limebandikwa ubavuni. Mafundi wa kupanga kazi wakalikuta, wakasoma maelezo yangu kuhusu utupu, wakaona mashimo matupu, wakalisimamisha kwenye ukuta mweupe na kulimulika taa. Msimamizi mkuu wa maonyesho, mama mmoja ambaye hapa akikohoa watu wote wanageuka, akapita, akasimama, akasema hakuna mtu kuligusa tena.

Nilipofika alinipokea kwa kunishika mikono yote miwili. "Sijawahi kuona utupu uliochongwa kwa upole namna hii," akasema. "Na haya maandishi, huyu shingo yake dhaifu, umeyatoa wapi?"

Nikasema, "Nyumbani."

Na baada ya hapo nikasema asante, Shangazi. Ulimi ulikuwa tayari kusema mama samahani, hilo ni sanduku la mzigo, lakini kilichotoka ni asante, na tangu asante ile nimekalia kaa la moto. Wamekuja waandishi wa habari, wamenipiga picha nimesimama kando ya sanduku na mkono nimeuweka juu yake kama walivyoniambia, na juzi makumbusho moja ya nchi nyingine wameleta ujumbe kwamba wanalitaka likae kwao moja kwa moja, wanangoja niwape jibu.

Kuna msanii mtu mzima chumba cha jirani, anasuka vitu vya nyaya na taa, tunamwita Bwana Waya, nikaona nimweleze yeye. Akacheka mpaka akakaa chini. "Nyamaza, mdogo wangu," akaniambia. "Mimi kuna mwaka taa yangu iliharibika, ikawa inazima na kuwaka. Wakaandika ukurasa mzima kuhusu kule kuzima na kuwaka. Unadhani niliwaambia ni waya umelegea?"

Nikacheka naye, lakini nilipotoka pale simu ikaita, mume wangu.

"Wamefika salama? Hakuna aliyevunjika?"

"Wote wazima."

"Na yule mwenye shingo?"

"Naye mzima."

"Basi waambie wasije wakalitupa hilo sanduku. Mbao zake nzuri, nitamtengenezea mtoto kabati."

Nikamwambia lipo tu, nikakata simu.

Sasa Shangazi, nikisema ukweli nitaonekana mjinga mbele ya dunia nzima na pengine wataniondoa, na nafasi kama hii sidhani kama nitaipata tena katika maisha yangu, na nikinyamaza, mume wangu anakuja siku ya ufunguzi, tiketi anayo, suti ameazima kwa kaka yake, ataingia ukumbini atafute mitungi atakuta sanduku lake limemulikwa taa na jina langu pembeni, na yule mtu anaijua kila parafujo aliyoikaza. Nimefikiria kumwambia asije, nimefikiria kusema naumwa, nimefikiria hata kuombea sanduku lidondoke. Mchana nakwenda chumba cha ukaguzi kuiangalia mitungi yangu imepangwa kwenye rafu ya chuma ikiwa na vibandiko vya buluu, naionea huruma, halafu narudi ukumbini nakaa kwenye benchi mbele ya lile sanduku, wasanii wenzangu na mafundi wanainama kusoma ile penseli na kuondoka taratibu, na mimi nabaki nimekaa mpaka walinzi wanataka kufunga. Nifanye nini? Nakuomba unijibu upesi.

Ni mimi, Mfinyanzi Niliyekwama.

*

Mwanangu Mfinyanzi,

Pole. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na bado nimekukasirikia kidogo, kwa hiyo vumilia.

Kwanza yule mama msimamizi usimlaumu. Hakukosea. Uliandika maelezo ambayo hata gunia tupu lingeyatosha, ukaona aibu kuandika mtungi, neno ambalo mtoto wa darasa la kwanza analijua, sasa ulitaka watu waotee kwamba kuna mitungi? Walitafuta utupu kama ulivyowaahidi, wakaupata. Ukiomba nafasi nyingine mahali popote, taja kitu chenyewe kwenye mstari wa kwanza, na yale mengine uyaweke chini kama bado unayataka.

Asante yako nakusamehe. Mtu ametoka safarini, amechoka, anashikwa mikono na mkubwa wa watu, ulimi unateleza. Ila kwenye ile picha hukuteleza, mama. Mkono uliuinua mwenyewe ukauweka juu ya kazi ya mumeo, ukatulia mpaka wakamaliza kupiga. Na simu umeikata mwenyewe. Hapo ndipo ninapokulaumu, na ninakulaumu hasa.

Bwana Waya nimempenda, anaonekana mtu wa kukaa naye vizuri, lakini ushauri wake usiuchukue. Taa iliyoharibika ilikuwa yake. Aliponyamaza alinyamazia cha kwake. Wewe ukinyamaza unanyamazia cha mtu mwingine, na mtu huyo sasa hivi yuko mbele ya kioo anaijaribu suti ya kaka yake kwa ajili yako.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na usibadilishe mpangilio. Unaanza kwa mumeo, leo, kabla ya msimamizi, kwa sababu sanduku ni lake na yeye ndiye mwenye neno. Usimtumie ujumbe wa maandishi. Mpigie, mwambie lilivyosimamishwa, mwambie ulisema asante, mwambie mpaka ile picha. Akifoka, mwache afoke, usimkatie simu safari hii. Halafu muulize anataka lifanyweje. Akitaka jina lake liandikwe pale, liandikwe. Akitaka mbao zake arudi nazo nyumbani amtengenezee mtoto kabati, basi makumbusho ya watu yatafute kitu kingine cha kuweka, na wewe usimbembeleze hata mara moja. Ukishajua neno lake, nenda kwa yule mama ukamwambie hili ni sanduku la mzigo, amelitengeneza mume wangu, maandishi ni yake, na kazi yangu mimi iko chumba cha ukaguzi. Usiongeze yale maneno yako ya kuhoji wala kukumbuka. Mwombe akaione mitungi, umpeleke mwenyewe mpaka kwenye rafu.

Inawezekana atakuondoa. Siwezi kukudanganya kwamba wakubwa wote hupenda kuambiwa walichokuwa hawajui, na ukiondolewa utalia, na kilio hicho kitakuwa cha haki. Lakini utakuwa umeondolewa pamoja na mitungi yako, na nyumba yako ipo. Ukibaki kwa njia hii uliyoianza, kila mtakapolala na yule mwanaume utakuwa unasikilizia kama ameshajua.

Jambo la kumwambia asije, ama kujifanya mgonjwa, lifute kichwani. Aje na suti yake.

Na jingine, la haraka. Jibu hili nakutumia wewe kwanza, lakini gazeti linatoka kesho asubuhi likiwa na barua yako na jibu hili, na jina lako sikuliweka kwa kuwa hukunipa. Ila ninajua karakana zilivyo. Magazeti hufika mle, kama si ya kusoma basi ya kutandika chini wakati wa kupaka rangi, na mumeo akisoma habari ya huyu mwenye shingo dhaifu atajua ni nani anayezungumziwa. Kwa hiyo una leo tu, na leo yenyewe imeshaanza kuisha.

Nimalizie na lile ulilolizunguka barua nzima. Unasema unaogopa kuonekana mjinga, unaogopa kuondolewa, unaogopa macho ya mumeo. Sawa. Lakini mtu anayeogopa hayo tu hakai kwenye benchi mbele ya sanduku mpaka walinzi wamfukuze. Umeniandikia namna alivyochonga shimo la kila mtungi, ukaninukulia maneno yake moja baada ya jingine, ukaniambia msimamizi amelipenda, waandishi wamelipenda, makumbusho wamelipenda. Wewe je? Hukusema, mwanangu, kwa sababu unaogopa limekuzidi. Labda limekuzidi kweli, labda halijakuzidi, mimi sijaliona na wala si kazi yangu kupima. Ninachojua ni kwamba mtu aliacha kazi ya mteja akakaa na mitungi yako mpaka akaijua mmoja mmoja kuliko wewe uliyeifinyanga, na lile sanduku zima alilitengeneza ili chako kifike salama.

Basi utakapompigia, habari za waandishi na makumbusho zitangoje kidogo. Mwambie umekaa mbele ya sanduku lake kila siku, na kwamba wewe, mke wake, umelipenda.

Shangazi