Mhusika wa Tatu Alikuwa Kuku

Karibu na Kisorya, Bunda
Mwezi wa Saba

Kaka yangu Ambakisye,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta kwenye migomba au umekaa barazani na redio yako, ila popote ulipo tafuta kwanza mahali pa kukaa, maana nina la kujivunia na sitajizuia. Goti la mama linaendeleaje? Mvua ya Tukuyu bado inanyesha mpaka mnaichoka? Huku jua linatuchoma. Mimi ni mzima, ugali wa mtama na muhogo nimeshauzoea, na dagaa nawatengeneza vizuri kuliko wenyeji, ingawa wenyewe hawakubali.

Unakumbuka ulichoniambia siku naondoka? Ulisema, "Atupele, nchi hii inajengwa kwa jembe, si kwa kuigiza." Nilipanda basi nimenuna, na nilinuna mpaka Mbeya. Leo nakujibu.

Jioni huwa nafundisha kisomo cha akina mama ndani ya ghala la pamba la kijiji. Hatuna mahali pengine. Kabla ya mavuno katibu wetu, Bwana Mafuru, akaja kusema pamba inakaribia kuingia, kwa hiyo darasa lifungwe. Wanaume wengi walifurahi, kwa sababu wake zao walikuwa wameanza kusoma mizani wenyewe na kujua pamba imeleta fedha kiasi gani. Nikambishia hadharani, unanijua. Mwisho akasema kijiji kimetakiwa kupeleka mchezo wa kuigiza Bunda siku ya Saba Saba. Nikiutengeneza na ukiwapendeza watu, darasa litabaki. Usipowapendeza, ufunguo wa ghala nisiuulize tena.

Nikaandika upesi. Mume anamfungia mke ndani asiende kisomo, mke anamjibu, mume anaelewa. Katibu akausoma, akaongeza hotuba ya ukurasa mzima mwishoni, eti dhamira isije ikawapita watu. Nikamwambia dhamira ikisimama na kuhutubia, huo ni mkutano. Chuoni walituambia kwanza uutafute mgogoro: mtu anataka kitu, mwingine amekizuia, na kila mmoja ana sababu yake. Akasema hotuba ibaki.

Sasa wahusika. Mume nilimpa Magesa, mtunza ghala, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ziwani. Wanaume wengine hawakutaka kuonekana wabaya mbele za watu. Mke nilimpa Mama Nyangeta, ambaye ni mjane, maana wenye waume walikatazwa kuitwa mke wa mwingine hata kwa mchezo. Kila mmoja nilimfuata kwake, na kila mmoja alikubali bila kuuliza mwenzake ni nani. Nikajiona hodari kweli.

Siku ya mazoezi Magesa akaingia, akamwona Mama Nyangeta, akageuka akatoka. Mama naye akajifunika khanga mpaka usoni, akaenda kukaa nyuma ya magunia. Nikawaita. Nikawabembeleza. Nikagomba. Mwishowe mama mmoja akanionea huruma.

"Mwalimu, Magesa amemwoa binti yake Mama Nyangeta. Hapa hatuongeagi na mkwe. Hata kutazamana hatutazamanagi."

Kaka, nilikosa pa kuweka uso wangu. Mimi, binti wa Tukuyu, niliyekua nikimwona wifi anakimbilia migombani kila baba akipita, sikufikiria hata kuuliza. Na wa kuwabadilisha hawakuwepo, watu wote walikuwa wameingia mashambani kuchuma pamba. Nikakaa juu ya gunia nikaona darasa limekwisha.

Mlangoni palikuwa na kuku anadonoa. Magesa alikuwa bado amesimama nje, ametugeuzia mgongo. Nikamsikia anasema, "Wewe kuku, mwambie mama aliye humo ndani mimi sikujua. Ni Mwalimu hakusema."

Nyuma ya magunia Mama Nyangeta akajibu, "Kuku, mwambie mwenye mji sina neno naye. Ila kisomo kisife."

Akina mama wakacheka. Mimi nikasimama. "Ndivyo mnavyoongeaga?"

"Kama hakuna mtoto wa kumtuma, tunamwambiaga kuku."

Nilichana makaratasi yangu yote pale pale, pamoja na hotuba ya katibu. Mandhari ikawa mji mmoja, ndivyo huku wanavyoita boma la familia, na nyumba moja yenye kufuli. Mke yuko ndani, haonekani, sauti yake tu inasikika ikisoma silabi. Mama yake, ambaye sasa ni Mama Nyangeta, amekuja kumwombea atoke, na mwenye ufunguo ni mtu pekee asiyeweza kusema naye. Mgogoro niliokuwa nautafuta vitabuni ulikuwa umekaa hapo siku zote. Mazungumzo waliyapata wenyewe, mimi nikaandika maelekezo: wasitazamane, kila mmoja amtazame kuku.

Bunda watu walijaa mpaka juu ya malori. Vijiji vilivyotutangulia vilihutubia, watu wakapiga makofi ya heshima. Zamu yetu ilipofika nikamfunga kuku kamba mguuni. Magesa aliposema neno lake la kwanza kwa kuku, uwanja wote ukaangua kicheko, kwa sababu kila mtu pale ana mkwe. Kisha Mama Nyangeta akachuchumaa, akamwambia kuku polepole:

"Muulize mwenye mji. Nilipompa mwanangu, nilimpa na macho yake, au nilibaki nayo? Kama nilimpa nayo, mbona ameyafungia?"

Kicheko kikakatika. Hapo Magesa alitakiwa kuweka chini ufunguo wa mti nilioupaka rangi, kisha arudi nyuma, maana mkwe hapewi kitu mkononi. Akatia mkono mfukoni. Alichokiweka chini kilikuwa cha chuma. Ulikuwa ufunguo wa ghala letu.

Wageni hawakujua. Sisi wa kijijini tulijua, na katibu wetu aliyekaa mstari wa mbele alijua. Mama Nyangeta akauokota, akaufunga kwenye pindo la khanga. Watu walisimama wakashangilia, na viongozi wa wilaya wakampa katibu mkono, wakimsifu kwa kijiji chenye mwamko. Angesema nini? Alicheka nao.

Tumeshinda, Kaka. Tumechaguliwa kwenda Musoma. Mama Nyangeta ameniambia lori likifika njia panda ya Butiama, kwao Rais, atashuka anyooshe gauni lake kwanza. Kisomo kinaendelea, tunakaa juu ya pamba, na ufunguo bado uko kwenye pindo lake. Magesa akitaka kufungua ghala asubuhi, inabidi aende kumwomba kuku.

Mpe mama pole ya goti, umsalimie na mjomba wetu mfuga nyuki. Baba mwambie shikamoo yangu. Na wifi msalimie kuliko wote. Najua anatamani kwenda kisomo pale kanisani, baba hajasema ndiyo, na yeye hawezi kumwuliza.

Kuku mnao.

Mdogo wako asiyenuna tena,
Atupele