Ukuta wa Mama Nanjala

Jumatatu, 10 Septemba 1951

Kama kawaida. Nimefagia darasa, nimefukuza kuku, nimegawa vitabu. Vitabu vinne, watoto thelathini. Darasa la kwanza likasoma ukurasa wa mbuzi: mbuzi wa babu anakula majani, babu anamfukuza mbuzi. Sauti safi. Hakuna aliyekwama. Mwalimu Simiyu, mkuu wetu, akachungulia dirishani akitabasamu.

Ndipo nikamwona Nanjala. Kitabu kakishika juu chini na bado anasoma bila kukosea. Nikakifunga. Akaendelea. Nikavifunga vyote. Darasa zima likaendelea mpaka mbuzi akafukuzwa.

Hawasomi hawa. Wanaimba. Nimekasirika hata chakula cha mchana hakikupita.

Jumanne, 11 Septemba

Msimamizi wa shule atakuja kutoka Kitale mwezi ujao kusikiliza watoto wasome, mmoja mmoja. Simiyu hana wasiwasi. Anasema kitabu wanakijua. Nimemwambia wanachojua ni wimbo. Amesema nisichokoze nyuki.

Nitachokoza.

Alhamisi, 13 Septemba

Nimeenda kambi ya wafanyakazi wa shamba, kwa kina Nanjala. Wafula, baba yake, huendesha maksai wa shamba. Si mtu mbaya. Ni mgumu tu. Dada yake kule Bungoma amejifungua na anataka msichana wa kulea mtoto. Wafula amenipa msimamo wake nikiwa bado nimesimama mlangoni.

"Huyo mgeni wenu wa Kitale akija na Nanjala asome, atabaki. Akishindwa, anaenda Bungoma kubeba mtoto. Mimi sina maneno mingi, mwalimu."

Nanjala ana miaka tisa. Alikuwa pale, anasikia.

Mama Nanjala alikuwa akisiriba ukuta, udongo na samadi, na juu ya ule ubichi anachora mistari kwa vidole. Mkono haumtetemeki. Hajui kusoma hata herufi. Nimeutazama ukuta ule mpana, laini, na hasira ikanitoka. Kumbe ubao upo. Kila nyumba ya kambi hii ina ubao.

Jumamosi, 15 Septemba

Nimerudi. Nimemwuliza Mama Nanjala kazi atakazomtuma mtoto kesho. Akanitajia: chota maji, funga ndama, leta kuni. Nimeziandika ukutani kwa kidole, kila kazi mahali pake, naye akakariri ipi iko wapi. Sharti ni moja. Asimtume kwa mdomo. Aonyeshe ukuta, anyamaze. Na mtoto asijibu kwa mdomo. Afanye.

Mama Nanjala amecheka sana. Anasema kunyamaza ndiyo kazi ngumu hapo.

Jumamosi, 22 Septemba

Jambo limeenea. Nyumba kumi na zaidi sasa. Kambi hii ina Wabukusu, Wasabaot, Waturkana, na kila mama ananiletea maneno yake kwa Kiswahili chake. Wiki nzima udongo hautoki kwenye kucha. Jirani mmoja ameniomba nimwandikie mumewe: rudi mapema. Nimeandika. Lawama si zangu.

Wafula hapendi. "Nyumba yangu si ubao," amesema. Mkewe akaendelea kusiriba bila kugeuka.

Jumatano, 26 Septemba

Nimeona kwa macho yangu. Ukutani: leta kuni. Nanjala akaleta maji. Mama yake kimya, kidole ukutani. Mtoto akarudi, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, midomo inacheza. Akaenda nayo mpaka mwisho. Akaondoka na kamba, akarudi na kuni.

Hapakuwa na wimbo wa kumsaidia. Alisoma. Nimetembea hadi nyumbani nikijiongelesha kama kichaa.

Jumapili, 7 Oktoba

Mgeni ni keshokutwa. Darasani wengi sasa wanasoma hata ukurasa ambao hawajauona. Wanajikwaa, lakini wanasoma. Shida ni Nanjala. Mtu mzima akimsimamia na kitabu, anaganda. Simiyu amemjaribu Ijumaa. Hakutoa neno. Nyumbani kwao anasoma kila kitu.

Nimeamua. Nitampeleka msimamizi kambini aone kuta zenyewe; kina mama nimeshawaambia. Ataona kazi ya wiki tatu. Siogopi.

Jumatatu, 8 Oktoba

Naogopa.

Nimepita kambini jioni. Kuta zote zimesiribwa upya. Zote. Safi, zinang'aa, zina harufu ya udongo mbichi. Hakuna neno hata moja. Nani alisikia mgeni anakuja akaacha nyumba yake na madoadoa? Kina mama wamejipanga wananitazama, wakingoja niwasifu. Nimewasifu. Ningefanya nini? Hata mama yangu angesiriba.

Nimefika nyumbani nikapiga sufuria teke.

Jumanne, 9 Oktoba

Niandike kabla sijasahau, ingawa sidhani kama nitasahau.

Msimamizi amefika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtu mpole, shati jeupe. Akafungua kitabu chake mwenyewe, si chetu. Watoto wakasoma. Pole pole, kwa vidole, lakini wakasoma. Simiyu akapumua. Kisha zamu ya Nanjala. Akaganda. Msimamizi akangoja vizuri tu, akangoja tena, akafunga kitabu.

Nikamwambia habari za kuta. Twende, akasema. Tukaenda, sisi na nusu ya shule nyuma. Wafula alikuwa mbele ya nyumba yake, mjeledi wa maksai begani. Msimamizi akauangalia ukuta ule msafi, kisha mimi.

"Naona udongo, mwalimu."

Hakuniambia kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Mama Nanjala akaingia ndani, akatoka na karai la udongo. Akasiriba kipande kipya, akakilainisha kwa kiganja, akasogea kando.

"Andika wewe, bwana. Chenye unataka."

Nilidhani atakataa. Akakunja mkono wa shati. Akaandika kwa kidole, herufi kubwa: nipe maji ya kunywa. Nanjala akasogea. Midomo ikacheza. Halafu akageuka, akakimbia nyuma ya nyumba.

"Si nilisema," Wafula akasema. "Amekimbia."

Msimamizi akaanza kujipangusa kidole.

Nanjala akatokea na kikombe cha bati juu ya sahani, kimejaa, mikono miwili, anatembea taratibu asimwage. Hakusema kitu. Sharti ndilo hilo. Msimamizi akautazama ukuta, akakitazama kikombe. Akanywa yote. Kisha akachovya kidole kwenye karai, akaandika chini yake: tena.

Nanjala akacheka, akakimbilia maji.

Wafula ameteremsha mjeledi begani. Hakutaja Bungoma. Mimi nimelia njiani, mchana kweupe, na anayetaka kucheka acheke.

Jumamosi, 13 Oktoba

Mvua kidogo asubuhi. Nimefua. Nimepita kambini. Mama Nanjala amesiriba nyumba nzima ila pale alipoandika msimamizi, amepazungukia vizuri kama fremu. Pembeni ya mlango kuna maneno mapya, mkono wa Nanjala, kwa mkaa: baba, chai iko tayari.

Wafula amenipitia hapa saa kumi, kofia mkononi. Amemtumia dada yake ujumbe atafute msichana mwingine. Nikamshukuru. Hakuondoka. Ikambidi aseme. Kwake kumeandikwa kitu, na kinamhusu yeye, anajua kwa namna wanavyomtazama. Amemwuliza Nanjala, mtoto ameonyesha ukuta. Amemwuliza mkewe, naye vilevile.

"Wewe niambie, mwalimu. Imeandikwa nini?"

Nimemsogezea kiti. Nimechukua chaki na kipande cha ubao, nimemwandikia herufi ya kwanza. Amekaa.

Chai itapoa. Na ipoe.