Mwanza Hadi Bukoba, na Mama Yuko Kirushya

Kirushya, Ngara
14 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Derick,

Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu siku ya mazishi. U mzima? Irine na watoto wanaendeleaje na joto la Dar es Salaam? Sisi tupo. Mgongo unanisumbua, maharage yametoka vizuri, ila nyumba ya Mama bila Mama bado hatujaizoea.

Nasikia umemwambia Shangazi Adelfina kwamba nilichelewa kukuita. Derick, nilikupigia Jumatatu saa moja jioni. Jumanne saa mbili asubuhi ulikuwa umeshatua Mwanza. Nani alichelewa hapo?

Kwenye fomu zote tunaandika Mkoa wa Kagera, nawe ukaona uwanja wetu wa ndege ni Bukoba. Ukaiuliza simu: Mwanza hadi Bukoba? Ikakujibu kilomita mia na themanini, dakika arobaini na tano. Simu haikukosea. Haikujua tu kwamba Mama yuko Kirushya.

Mimi niliyeishia darasa la saba nimesafirisha ndizi njia hizo miaka kumi na tisa. Mwanza hadi hapa kwa gari ni kama kilomita mia tatu na hamsini. Bukoba hadi hapa, mia tatu na ishirini. Uliingoja ndege ya pili kwa muda wa saa tatu na nusu, ukaruka, ukapunguza kilomita thelathini! Ungepanda gari palepale Mwanza, saa nane na nusu ungekuwa mlangoni. Mama alikata roho saa kumi kasoro dakika kumi. Mngekaa pamoja saa moja na dakika ishirini. Wewe ulifika saa kumi na mbili na nusu.

Na mimi nina langu. Uliponiambia umekata tiketi mbili, ya Mwanza na ya Bukoba, nilinyamaza. Nilisema moyoni, msomi huyo, anajua.

Hukuniuliza Mama alivyoondoka, nami sikukwambia. Asubuhi alisema, "Yuko Mwanza? Basi amefika, mchemshieni maji." Mchana nikamwambia uko Bukoba. "Bukoba! Anamsalimia nani huko?" Jirani yetu Priscila akacheka, na Mama naye akacheka.

Saa tisa pikipiki ikasimama nje. "Ndiye?" Macho yalikuwa hayaoni tena. Nikasema ndiye. Nikamshikisha mkono wa mume wangu, Novatus. Mama akakipapasa kiganja, akasema polepole, "Huyu analima." Akauachia. Hakuuliza tena.

Sijaandika ili ulie. Nimelibeba hili peke yangu wiki tano, nimechoka.

Tunamaliza matanga Jumamosi tarehe 28. Shuka Mwanza, toka nje ya geti, nitakuwa hapo na gari langu. Njiani tutakuwa wawili tu kwa saa sita na nusu. Unaweza kunisema yote uliyo nayo moyoni, nami nitaendesha.

Msalimie Irine, wabusu watoto. Shangazi na Novatus wanakusalimu sana. Mungu akutunze angani na barabarani.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda,
Esperansia