Blanketi la Chausiku

Shoga Zuena, kwa kuitikia nyimbo Temeke nzima hakuna wa kunishinda mie. Leo studio wameniweka nyuma kabisa, mlangoni, nisisikike.

Sikia sasa! Si unajua Chausiku kaapa kumsomea halbadiri mwizi wa blanketi lake la harusi, avimbe tumbo? Na mumewe Mwishehe kutwa anambembeleza: "Msamehe, pengine ana baridi."

Basi leo Chausiku kamletea mumewe uji humo humo studio, anamorekodia watu santuri. Kuta zimepigiliwa mablanketi kuzuia mwangwi.

Kaliona! Jekundu, jina lake pembeni kwa uzi.

Mwishehe haraka: "Nimelinunua Mabibo!"

"Vizuri, mume wangu. Ijumaa nasoma, wewe utaitikia amina."

Zuena, Mwishehe kapiga magoti palepale: "Usisome, mke wangu, utaniua!"